Ngozi ya Samaki Siyo Taka: Tujue Kilichomo Ndani Yake

Sisi wa Upareni tunawajua perege na kambale. Wengi wao hutoka katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1965, mahali ambapo mto Ruvu utokao Ziwa Jipe hukutana na mto Kikuletwa. Samaki hao hufika sokoni Mwanga na Same, kisha hupanda milimani wakiwa wabichi, wa kukaanga au wa kukaushwa kwa moshi.

Samaki akishaandaliwa tunakula minofu. Wengine hula na ngozi yake. Wengine huibandua na kumtupia paka. Katika viwanda vya minofu ya sangara kando ya Ziwa Viktoria, ngozi huchunwa kwa wingi kila siku ya kazi, na kwa muda mrefu ilionekana kuwa taka tu.

Leo tutajifunza kitu kilichomo ndani ya ngozi hiyo. Kinaitwa kolajeni. Tutaona ni nini, wataalamu hukitoa namna gani, na hukipima namna gani. Mwisho tutaona jambo hili linatuhusu nini sisi tuliopo kijijini, maana siku hizi jina la kolajeni linatajwa redioni, madukani, na hata na watu wanaotafuta fedha zetu.

KOLAJENI NI KITU GANI?

Kolajeni ni aina ya protini. Protini ni ile sehemu ya chakula inayojenga mwili. Lakini kolajeni siyo ya kula tu. Kazi yake kubwa ni kushikilia mwili usiachane. Imo katika ngozi, mifupa, kano na gegedu. Ukichukua protini zote za mwili wa binadamu, karibu robo au hata theluthi ni kolajeni.

Ukitaka kuelewa ilivyo, ifikirie kamba ya katani. Sisi wa Same tumezoea kuona mashamba ya mkonge. Uzi mmoja wa katani hukatika upesi. Ukisokota nyuzi tatu pamoja unapata kamba inayoweza kumfunga ng'ombe. Kolajeni nayo ni hivyo hivyo. Ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, ila ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Kamba hizo ndogo hulala pamoja kwa wingi, ndipo ngozi inakuwa ngumu kuchanika.

Jina kolajeni limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Siyo ajabu. Toka zamani watu wa nchi nyingi walichemsha ngozi, kwato na mifupa wakapata gundi ya kuunganishia mbao.

JOTO HUFUNGUA KAMBA

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Shika hili, mengine yote yatakuwa rahisi: joto likizidi, kamba ya kolajeni hufunguka. Zile nyuzi tatu huachana. Zikishaachana hazirudi tena kuwa kamba kamili kama mwanzo. Kolajeni iliyofunguka kwa joto inaitwa jelatini.

Jelatini unaijua, hata kama jina lake ni geni kwako. Ukipika supu ya makongoro ukaiacha ilale, asubuhi unaikuta imeganda na inatetemeka sufuriani. Ile siyo mafuta. Mafuta hukaa juu. Kile kinachotetemeka ni jelatini.

Hebu jaribu mwenyewe kwa ngozi ya samaki:

1. Chukua ngozi za perege wakubwa wanne au watano, walio wabichi. Paa magamba, ondoa nyama na mafuta, osha vizuri.

2. Weka katika sufuria safi. Tia maji kidogo, yafunike ngozi tu.

3. Weka juu ya moto mdogo kwa muda wa saa moja. Maji yasitokote kwa nguvu.

4. Chuja kwa kitambaa safi. Yale maji yaweke katika bakuli, funika, yaache yalale usiku kucha.

Ukifanya hivyo mwezi wa Julai katika vijiji vya juu karibu na Shengena, ambako kilele chake kina urefu wa mita 2,462, asubuhi utakuta maji yameganda. Ukifanya hivyo Same mjini mwezi wa Februari, huenda utakuta ni maji tu. Usifikiri umekosea. Ni joto la usiku wa tambarare. Na hata ule mgando wa mlimani ukiuweka juani utayeyuka, ukiurudisha baridini utaganda tena.

Mgando huo unaweza kuliwa siku ile ile. Usiuweke, maana huoza upesi. Ukiendelea kuupasha moto mpaka uwe mzito, unapata gundi ya karatasi. Ipake ingali ya moto. Inafaa kubandika jalada la daftari lililochanika. Ila uweke daftari mbali na mende na panya, kwa sababu kwao gundi hiyo ni chakula.

WATAALAMU HUTOAJE KOLAJENI?

Sasa utauliza: "Mwalimu, kama kuchemsha kunatosha, wataalamu wanasomea nini?"

Jibu ni hili. Ukichemsha unapata jelatini, yaani nyuzi zilizoachana. Mtaalamu anataka kamba nzima, haijafunguka. Kwa hiyo hatumii moto. Anatumia baridi, asidi na chumvi. Kazi karibu yote hufanyika katika baridi ya nyuzi 4 hivi, kama ndani ya jokofu. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, ngozi hupaliwa, huoshwa na kukatwa vipande vidogo.

Pili, vipande hulowekwa katika maji yenye magadi makali kidogo ya aina ile inayotumika viwandani kutengeneza sabuni. Magadi hayo huondoa protini nyingine zisizotakiwa. Kolajeni hubaki.

Tatu, mafuta huondolewa kwa dawa ya jamii ya spiriti. Kisha ngozi huoshwa tena.

Nne, ngozi hulowekwa katika asidi ya siki isiyo kali kuliko siki ya mezani. Hukaa humo siku moja, mbili au tatu, ikikorogwa polepole. Ngozi huvimba. Kolajeni hutoka polepole ndani ya ngozi na kuingia katika maji.

Tano, maji huchujwa, kisha hutiwa chumvi nyingi. Kolajeni haipendi chumvi nyingi. Hujitenga na maji na kujikusanya kama maziwa yanavyokatika.

Sita, hukusanywa, huondolewa chumvi, kisha hukaushwa kwa mashine ya baridi mpaka iwe nyepesi na nyeupe kama pamba.

Ndugu msomaji, hatua ya pili na ya tatu usijaribu nyumbani. Magadi yale huunguza mikono na macho, na spiriti hushika moto. Kazi hiyo ni ya maabara.

HUPIMAJE?

Kutoa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kupima ili kujua umepata nini. Unga mweupe ni unga mweupe. Kwa macho tu huwezi kujua kama ni kolajeni nzima, au jelatini, au kitu kingine kabisa.

Kipimo cha kwanza ni cha umeme. Kolajeni hufunguliwa makusudi, kisha hupitishwa kwa nguvu ya umeme katika kipande cha mgando maalumu. Nyuzi nyepesi hukimbia mbele, nzito hubaki nyuma. Kila nyuzi huacha mstari wake. Mtaalamu akisoma mistari hiyo hujua nyuzi zimo za aina gani, na kama zimekatika.

Kipimo cha pili ni cha kuhesabu vipande. Protini zote zimejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Katika kolajeni, karibu tofali moja katika kila matatu ni la aina moja, linaitwa glisini. Tena kuna jingine, haidroksiprolini, ambalo ni adimu sana katika protini nyingine. Unga usio na hilo siyo kolajeni, hata kama umeandikwa hivyo juu ya kopo.

Kipimo cha tatu ni cha joto. Kolajeni iliyo katika maji hupashwa moto kidogo kidogo, huku mtaalamu akipima uzito wa maji yale, yaani yanavuta kiasi gani. Kamba zikiwa nzima maji huvuta kama uteute. Kamba zikifunguka maji huwa mepesi ghafla. Joto la wakati huo huandikwa.

Kipimo hiki cha joto ndicho kinachotuletea sifa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2004 John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, pamoja na wenzake, walitoa taarifa juu ya kolajeni ya ngozi ya sangara wa Ziwa Viktoria. Walifuata njia ya asidi tuliyoieleza. Katika kila gramu 100 za ngozi iliyokauka walipata karibu gramu 60 za kolajeni. Na kamba zake zilifunguka kwenye joto la nyuzi 36.

Kwa nini namba hiyo ni kubwa? Linganisha. Kolajeni ya samaki wa bahari za barafu za Ulaya, kama yule aitwaye chewa wa kaskazini, hufunguka karibu nyuzi 15. Ukiishika mkononi tu, imeharibika. Kolajeni ya ng'ombe hufunguka karibu nyuzi 40. Kwa hiyo sangara wetu yuko karibu na ng'ombe kuliko alivyo karibu na samaki mwenzake wa Ulaya!

Sababu yake ni makazi. Hapa tusichanganye maneno. Tunasema perege na sangara ni samaki wa maji baridi, maana yake maji yasiyo na chumvi. Lakini maziwa na mabwawa yetu yana joto. Samaki anayeishi katika joto lazima kamba zake ziwe zimesokotwa imara, la sivyo ngozi yake ingelegea akiwa hai. Wale matofali wa aina ya prolini na haidroksiprolini ndio wanaokaza msokoto, na samaki wa maji ya joto anao wengi zaidi. Perege naye yuko katika kundi hilo la samaki wa joto.

INA KAZI GANI?

Jelatini hutumika kutengeneza peremende laini, na vile vidonge vya dawa vyenye ganda lenye unga ndani. Zamani karibu yote ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe. Hapo pana neno kwa watu wa Upareni. Waislamu hawali nguruwe. Wasabato nao, ambao walianza kazi yao katika milima yetu mwaka 1903, hawali nguruwe. Tena huko Uingereza mwaka 1986 uligunduliwa ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe, na watu wengi wakaanza kuogopa vitu vya ng'ombe pia. Ndiyo maana macho yaligeukia samaki. Hata hapo Msabato atauliza ni samaki gani, kwa kuwa perege ana magamba, kambale hana. Swali lake ni la haki, na kiwanda lazima kimjibu.

Ngozi ya samaki hutumika pia kama ngozi ya kawaida. Kisumu, Kenya, ngozi za sangara hulainishwa na kushonwa viatu na mikoba.

Kazi nyingine ni ya tiba. Katika mji wa Fortaleza, Brazili, madaktari wamewatibu watu walioungua kwa kuwafunika vidonda kwa ngozi ya perege, samaki ambaye asili yake ni Afrika. Ngozi hiyo hushika kidonda, hutunza unyevu, na hupunguza haja ya kubadilisha bandeji mara kwa mara. Baada ya moto mkubwa wa msituni wa Desemba 2017 huko California, Marekani, madaktari wa wanyama waliwafunga dubu wawili ngozi hiyo katika nyayo zao zilizoungua.

Lakini sikiliza vizuri. Ngozi ile imesafishwa kwa dawa na kwa mionzi mpaka haina kijidudu hata kimoja. Ngozi ya samaki wa sokoni ina vijidudu vingi. Mtoto akiungua kwa uji au maji ya moto, usimwekee ngozi ya samaki. Mmwagie maji safi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20. Mfunike kwa kitambaa safi. Mpeleke zahanati. Usipake mafuta, dawa ya meno, wala unga.

JE, TUNUNUE UNGA WA KOLAJENI?

Siku hizi kuna makopo yanayouzwa kwa ahadi kwamba ukinywa, ngozi itakuwa ya kijana na magoti yataacha kuuma. Tutumie akili tuliyokwisha kuipata. Kolajeni ni protini. Ikifika tumboni hukatwa vipande vipande, kama protini ya maharage au ya nyama. Haiendi moja kwa moja usoni kwako kujipanga.

Mwili wako unajitengenezea kolajeni yake. Ili usokote kamba hizo unahitaji vitamini C. Mtu akiikosa kabisa kwa miezi, fizi hutoka damu na vidonda hukataa kupona. Vitamini C imo katika mapera, machungwa, mapapai, maembe, ubuyu na mboga za majani. Vitu hivyo tunavyo, na bei yake siyo ya kopo.

Jambo jingine kwa akina mama. Supu ya ngozi au ya makongoro peke yake haitoshi kumkuza mtoto. Kolajeni inakosa tofali moja ambalo mwili hauwezi kujitengenezea. Mtoto apewe nyama ya samaki yenyewe, maharage, mayai na maziwa. Supu iwe nyongeza.

KABLA YA KUTOA FEDHA YAKO

Huenda siku moja mtu atakuja kijijini aseme: "Jiungeni, toeni kiingilio, tutanunua ngozi zenu za samaki kwa bei kubwa." Huenda ni mkweli. Huenda siyo. Kikao cha kikundi kimuulize maswali haya:

1. Barafu iko wapi? Ngozi ikikaa juani Same kwa nusu siku huanza kuoza, na vijidudu hukata kamba zake. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wakisema juu ya malezi, lakini kwa ngozi ni kweli tupu.

2. Nani atapima, na maabara gani? Mnunuzi wa haki anaonyesha cheti cha kipimo. Bila kipimo, bei atapanga yeye atakavyo.

3. Ngozi zitatoka wapi kwa wingi? Samaki mmoja ana ngozi kidogo, na ngozi mbichi sehemu yake kubwa ni maji. Viwanda vya Mwanza vina ngozi nyingi mahali pamoja. Sisi je?

4. Kwa nini sisi tulipe kwanza? Mnunuzi ndiye hutoa fedha. Muuzaji hutoa mali.

Swali la tatu lina jambo la kuumiza moyo. Tamaa ya ngozi isitupeleke kuvua vifaranga. Perege wa asili wa Ziwa Jipe na mto Pangani amewekwa na wataalamu wa dunia katika orodha ya samaki walio hatarini sana kutoweka. Nyavu za macho madogo na makokoro humaliza wazazi na watoto pamoja. Samaki akiisha, hakuna minofu, hakuna ngozi, hakuna kolajeni. Faida inayofaa ni ya ngozi ambayo tayari imebaki baada ya watu kula.

Basi, ndugu msomaji, ukishika ngozi ya perege kesho, ujue umeshika kamba nyingi zilizosokotwa tatu tatu, zilizozoea joto la nchi yetu. Thamani yake inalindwa na baridi, na inathibitishwa na kipimo. Akija mtu kuizungumzia, mkaribishe, mpe kiti, kisha muulize maswali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kolajeni na jelatini zinatofautianaje?

2. Kwa nini supu huganda upesi milimani kuliko tambarare?

3. Kolajeni ya sangara hufunguka kwenye nyuzi ngapi? Ya samaki wa bahari za barafu je?

4. Mtoto akiungua, tufanye nini kwanza?

5. Kijijini kwenu ngozi za samaki huenda wapi? Je, mngeweza kuzitumia kwa chakula au gundi bila kungoja kiwanda?